Jinsi ya Kutambua Sarafu za Zamani za Fedha za Ufaransa na Kuhakikisha Uhalisi Wake

Mtu aliyepata sarafu kubwa ya fedha yenye maandishi ya Kifaransa huwa na maswali mawili, na mara nyingi huanza na lile lililopaswa kuja baadaye. Huuliza kama sarafu ni halisi kabla hajajua ni sarafu gani. Uhalisi haupimwi bila kujua kinachopimwa. Kila aina ya sarafu iliyotoka katika viwanda vya Ufaransa ina uzito wake, kipenyo chake, maandishi yake ya ukingoni na herufi ya mji ilikopigwa, na sarafu ya kughushi hukamatwa pale mambo hayo yanapokataa kukubaliana. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na utambuzi, kisha unaingia kwenye mizani na maji, na unaacha macho ya kuangalia uzuri wa picha hadi karibu na mwisho, kwa sababu picha ndiyo sehemu ambayo mghushi huifanyia bidii zaidi.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia milimita, lenzi inayokuza mara 10, sumaku ndogo yenye nguvu ya neodimiamu, kikombe cha maji safi na uzi mwembamba. Kama fedha ya mfukoni inatosha kifaa kimoja tu, nunua mizani. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, wala usiisugue kwa chochote, iwe majivu, limau au dawa ya meno. Weusi uliojengeka juu ya fedha kwa miaka mingi ni sehemu ya ushahidi wako, na wanunuzi wanaojua mambo hupunguza bei ya sarafu iliyong'arishwa.

Hatua ya kwanza: jua ni ya utawala gani

Anza na jina na cheo. Maandishi ya Kilatini kama LUD. XV. D. G. FR. ET NAV. REX, yaani Louis wa 15, kwa neema ya Mungu mfalme wa Ufaransa na Navarre, yanakuweka katika enzi ya wafalme kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Sarafu kubwa ya fedha ya enzi hiyo huitwa écu. Kuanzia 1726 hadi kuanguka kwa ufalme, écu ilikuwa na uzito wa gramu 29.488, fedha ya sehemu 917 katika 1000, na kipenyo cha takriban milimita 41. Upande wa nyuma una ngao ya maua matatu ya yungiyungi pamoja na maneno SIT NOMEN DOMINI BENEDICTUM, jina la Bwana lihimidiwe. Nusu yake ina uzito wa nusu. Mwaka 1792, Louis XVI akiwa bado na taji lakini chini ya katiba, ilitoka écu nyingine yenye malaika anayeandika juu ya jiwe na maneno REGNE DE LA LOI, utawala wa sheria, na mfalme mwenyewe akaandikwa kwa Kifaransa kuwa mfalme wa Wafaransa, si wa Ufaransa.

Maneno yote yakiwa ya Kifaransa na thamani ikiwa ni faranga, umeingia katika mfumo ulioanzishwa mwaka 1795 na kuimarishwa na sheria ya tarehe 28 Machi 1803. Mfumo huu ni rahisi kuukariri kwa sababu uzito ndio uliokuwa thamani: faranga 1 ni gramu 5, faranga 2 ni gramu 10, na faranga 5 ni gramu 25, kiasi kwamba sarafu 40 za faranga 5 zinatimiza kilo moja kamili. Faranga 5 ilibaki na kipenyo cha milimita 37 na fedha ya 900 katika 1000 tangu Mapinduzi hadi ilipoacha kupigwa mwaka 1878. Sarafu ndogo hazikuwa na msimamo huo. Katika miaka ya 1864 hadi 1866 fedha yake ilishushwa kutoka 900 hadi 835, na ndiyo hali ya sarafu maarufu za Mpanzi, mwanamke anayetembea akitupa mbegu, zilizochorwa na Oscar Roty na kupigwa kati ya 1897 na 1920 kwa thamani ya senti 50, faranga 1 na faranga 2.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia faranga iliporomoka, na sarafu zilizofuata zinaonyesha hivyo: faranga 10 na faranga 20 zilizochorwa na mchongaji Turin, za 1929 hadi 1939, zina gramu 10 na gramu 20, lakini fedha ni 680 tu katika 1000. Zinapodaiwa kuwa fedha safi, huo ni uongo wa muuzaji hata kama sarafu yenyewe ni halisi.

Picha inayowachanganya watu wengi ni ile ya Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, akiwa amesimama katikati ya wanawake wawili, Uhuru mwenye mkuki wenye kofia juu yake na Usawa mwenye kipimo cha pembetatu cha mafundi. Mchoraji ni Augustin Dupré, na Ufaransa imeitumia picha hiyo tena na tena. Ikiwa na maneno UNION ET FORCE na mwaka ulioandikwa L'AN 4 hadi L'AN 11, ni ya Mapinduzi. Ikiwa na LIBERTÉ, ÉGALITÉ, FRATERNITÉ na mwaka 1848 au 1849, ni ya Jamhuri ya Pili. Ikiwa ya 1870 hadi 1878, ni ya Jamhuri ya Tatu. Ikiandikwa 10 FRANCS na mwaka kati ya 1965 na 1973, ni sarafu ya kisasa yenye kipimo kilekile cha zamani, gramu 25 na milimita 37, na ikiandikwa 50 FRANCS ni ya 1974 hadi 1980, gramu 30 na milimita 41. Hizi mbili za mwisho ni fedha nzuri ya 900, ila hazina bei ya ukale, na wapo wanaoziuza kana kwamba Napoleon alizishika.

Wasomaji wa pande zetu wanaweza kukutana na jamaa za sarafu hizi. Dola Huru la Kongo la Leopold II lilitoa faranga 5 za fedha kati ya 1887 na 1896 kwa kipimo hichohicho cha gramu 25 na fedha ya 900, kwa hiyo hatua za kupima zilizo hapa chini zinazihusu bila kubadilisha kitu. Sultani Said Ali wa Ngazidja naye alipigiwa faranga 5 mjini Paris kwa mwaka 1308 wa Hijria. Na huko Madagaska, vipande vilivyokatwakatwa kutoka kwenye faranga 5 vilitumika kama pesa kwa kupimwa kwenye mizani, hivyo kipande kilichokatwa kisitupwe kwa kudhaniwa ni uchafu.

Hatua ya pili: soma mwaka, herufi na alama ndogo

Miaka ya kalenda ya Mapinduzi hubadilishwa kwa kuongeza 1791, na jibu ni mwaka ambamo mwaka huo wa Kimapinduzi ulianza mwezi Septemba. AN 12, kwa mfano, ulianza Septemba 1803 na kumalizika Septemba 1804. Kalenda hiyo ilikoma mwisho wa 1805, kwa hiyo AN 14 ni mfupi sana, na AN 15 kwenye sarafu ni uongo usiohitaji mizani.

Kisha tafuta herufi ya kiwanda, kwa kawaida chini ya ngao au karibu na mwaka. A ni Paris, B ni Rouen, BB ni Strasbourg, D ni Lyon, H ni La Rochelle, I ni Limoges, K ni Bordeaux, L ni Bayonne, M ni Toulouse, Q ni Perpignan, T ni Nantes na W ni Lille. Wakati wa Napoleon zilikuwapo pia herufi za miji iliyotekwa, kama U ya mji wa Turin, Italia. Kiwanda cha Pau, chini ya milima ya Pyrenees, hakikutumia herufi bali ng'ombe mdogo, na kwenye écu zake cheo cha mfalme kinaongezewa herufi BD, kwa kuwa alikuwa pia bwana wa Béarn, jimbo la huko. Ng'ombe bila BD, au BD bila ng'ombe, ni sababu ya kusimama na kuuliza.

Kando ya herufi huwa kuna alama mbili ndogo, moja ya mkuu wa kiwanda na nyingine ya mchongaji mkuu. Sarafu za Paris za miaka ya 1860 na 1870 zina nyuki na nanga, zile zinazoanza 1880 zina pembe ya neema, na za 1958 hadi 1974 zina bundi. Alama hizi ndizo zinazowashinda waghushi wavivu, ambao huchukua upande mmoja wa sarafu ya mwaka huu na upande mwingine wa mwaka ule. Strasbourg iliacha kupiga sarafu za Ufaransa mwaka 1870, Waprusia walipouteka mji, hivyo Hercules ya 1874 yenye BB haiwezi kuwa ya kweli. Faranga 5 za Hercules za Jamhuri ya Tatu zilitoka Paris na Bordeaux peke yake. Ukiona herufi nyingine yoyote kati ya 1870 na 1878, kazi imekwisha.

Hatua ya tatu: pima uzito, kipenyo na unene kwa pamoja

Pima uzito mara kadhaa baada ya kuhakikisha mizani inasoma sifuri. Faranga 5 iliyozunguka sokoni kwa miaka inaweza kupungua hadi kama gramu 24.6 au 24.7, kulingana na kulika kwake. Jambo la kuzingatia ni uwiano: sarafu ambayo nywele za mfalme bado zinaonekana uzi kwa uzi haina udhuru wa kuwa na gramu 23.8. Nayo isizidi. Sarafu ya gramu 25.6 ni ya kutiliwa shaka kama ilivyo ile pungufu, kwa sababu serikali haikugawa fedha ya bure.

Mghushi anaweza kuufikia uzito sahihi peke yake, lakini hawezi kulinganisha kila kitu mara moja. Shaba ya njano ni nyepesi kuliko fedha. Diski ya shaba hiyo yenye kipenyo na unene wa faranga 5 itakuwa na takriban gramu 20 na nusu, na ili ifike gramu 25 ni lazima iwe nene zaidi kwa karibu moja ya tano. Ndiyo maana wanaopima uzito na kipenyo halafu wakaacha unene huibiwa kirahisi. Kwa écu za karne ya 18 usitafute duara kamili, kwa kuwa ukingo wake haukubanwa na pete wakati wa kupigwa, na tofauti ya nusu milimita kati ya kipenyo cha huku na cha kule ni ya kawaida.

Hatua ya nne: ipeleke majini

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote vinavyoweza kufanywa mezani, na hakiachi alama yoyote kwenye sarafu. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, uizamishe yote huku umeishikilia, isiguse chini wala pembeni, na utikise polepole ili mapovu yaliyonata yatoke. Namba inayoonekana sasa ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo, nawe umepata densiti.

Fedha ya 900 iliyochanganywa na shaba hutoa takriban 10.3. Fedha ya 917 ya écu hutoa 10.3 na nukta kidogo, ya 835 hutoa 10.2, na ya 680 ya Turin hutoa kama 9.95. Kwa faranga 5 yenye gramu 25, mizani inapaswa kusoma karibu na 2.42 wakati sarafu iko majini. Ikisoma 2.8 ni shaba au nikeli na shaba, ikisoma 2.9 au zaidi ni shaba ya njano, na bati hupita hapo mbali. Kosa la gramu 0.02 kwenye mizani hubadilisha jibu kwa takriban 0.1, kwa hiyo rudia kipimo na uchukue wastani. Na usijaribu kutofautisha 900 na 917 kwa njia hii, mizani ya nyumbani haina uwezo huo. Kwa sarafu ya gramu 2.5 kipimo hiki kinayumba mno kiasi cha kutotegemewa.

Mwanya mmoja upo. Risasi ina densiti ya 11.3, na ikichanganywa na metali nyepesi kwa ustadi inaweza kufikishwa 10.3. Waghushi wa karne ya 19 walipenda risasi na bati, na faranga 5 za Louis-Philippe za namna hiyo bado zinaonekana sokoni, za kijivu, zenye mguso kama wa mafuta. Hapo sumaku inasaidia. Inamisha sarafu kiasi cha nusu ya pembe mraba na uiachie sumaku iteleze juu yake: fedha haivutwi na sumaku, ila huipunguzia mwendo ikateremka taratibu, wakati juu ya risasi au shaba ya njano hushuka kwa kasi zaidi. Ikinata, kiini ni chuma.

Hatua ya tano: zungusha ukingo

Wauzaji hupiga picha pande mbili na kusahau upande wa tatu. Mwombe muuzaji picha ya ukingo, na akikataa umepata jibu lako. Écu za karne ya 18 zina DOMINE SALVUM FAC REGEM, Bwana mwokoe mfalme, kwa herufi zilizoinuka. Ile ya malaika ina LA NATION LA LOI LE ROI. Faranga 5 za UNION ET FORCE zina GARANTIE NATIONALE. Za Napoleon I zina DIEU PROTEGE LA FRANCE kwa herufi zilizozama, za Louis XVIII zinarudi kwenye sala ya mfalme, nazo zimezama, na wakati wa Charles X herufi zikaanza kuinuka. Baada ya 1830 na 1831, miaka ambayo herufi zilizozama na zilizoinuka zilitumika pamoja, za Louis-Philippe, Napoleon III na Hercules ya Jamhuri ya Tatu zote zina DIEU PROTEGE LA FRANCE iliyoinuka.

Maandishi yaliyozama yaliwekwa kwa mashine kabla ya sarafu kupigwa, kwa hiyo nafasi kati ya maneno inaweza kuwa si sawa na herufi fulani kupishana kidogo, na hilo si kasoro. Maandishi yaliyoinuka ya faranga 5 yalitokana na pete iliyogawanyika vipande vitatu, na kwa lenzi mara nyingine utaona mistari mitatu myembamba pale vipande vilipokutana. Usichotaka kuona ni mstari mmoja unaozunguka ukingo mzima katikati, kama mshono wa mpira, au mikwaruzo ya tupa inayojaribu kuuficha. Huo ni ushahidi wa sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu ya nusu mbili. Tazama pia juu ya kichwa kwenye ukingo: alama ya risasi ya kuunganishia huonyesha kuwa sarafu ilikuwa kidani, jambo ambalo halifanyi iwe bandia ila hushusha bei.

Hatua ya sita: geuza, kisha tumia lenzi

Shika sarafu kwa vidole viwili, juu na chini, kisha uizungushe kwa mhimili huo. Kwa sarafu hizi za Ufaransa upande wa pili hutokea ukiwa kichwa chini. Ukitokea umesimama wima, simama nawe.

Chini ya lenzi, sarafu iliyopigwa ina herufi zenye kingo kali na uwanja wenye mng'ao unaotiririka kuelekea nje. Iliyosubiwa ina vishimo vidogo vya duara, vinundu ndani ya pembe za herufi, na ulaini unaofanana kila mahali. Ulaini huu si kulika. Kulika huanza sehemu zilizoinuka, kwenye shavu, nywele za juu ya sikio na paja la Hercules, na huacha pembe za chini zikiwa kali. Sarafu ambayo mabonde yake yamelegea sawa na vilima vyake haikulikwa na mikono ya watu.

Kuna dalili ambazo wageni huziona kuwa dosari ilhali zinaipa sarafu nguvu. Mistari sambamba ya tupa katikati ya écu au faranga 5 za Mapinduzi ni ya mfanyakazi wa kiwanda aliyepunguza uzito kabla ya kupiga chapa, na picha inaonekana imepita juu ya mistari hiyo. Vivyo hivyo, sarafu za Louis XIV za miaka ya 1690 hadi mwanzo wa miaka ya 1700 mara nyingi zilipigwa juu ya sarafu kuukuu bila kuyeyushwa, na vivuli vya herufi za zamani huchungulia chini ya picha mpya. Kughushi kivuli cha namna hiyo ni kazi ngumu kuliko faida yake.

Uangalifu zaidi unahitajika pale sarafu ya kawaida inapodaiwa kuwa adimu. Mfano mzuri ni faranga 5 ya Hercules ya 1871 yenye A. Wakati wa Komuni ya Paris, serikali ya waasi iliyoshika jiji kwa muda mfupi mwaka huo, kiwanda kiliongozwa na Zéphirin Camélinat, na badala ya nyuki iliwekwa alama ya mkuki wa meno matatu. Sarafu nyingi kati ya hizo ziliyeyushwa baadaye, na zilizobaki zina bei ya juu kuliko dada zake zenye nyuki. Hapo metali itapita kila kipimo kwa sababu ni fedha halisi ya Paris. Kinachochezewa ni alama isiyozidi milimita chache. Angalia uwanja unaoizunguka. Alama iliyochongwa upya huwa imezama kwenye kibonde kilichokwanguliwa, na iliyobandikwa ina mstari wa gundi au rangi tofauti kwenye shina lake. Linganisha umbo lake na picha za sarafu zilizohifadhiwa na Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ambazo zinapatikana mtandaoni.

Hatua ya mwisho: ikibaki shaka

Sauti ya sarafu ikigongwa taratibu kwa penseli juu ya ncha ya kidole ni kipimo cha kuongezea tu, kwani hata sarafu halisi yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tindikali ya sonara achana nayo. Inaacha doa, na kwenye sarafu bandia iliyopakwa fedha nzito inaweza hata kukudanganya. Mashine ya eksirei iliyo kwa masonara wakubwa ni bora zaidi, ila inasoma tabaka la juu, hivyo majibu yake yasomwe pamoja na densiti.

Kwa sarafu ya bei kubwa, kampuni za uthibitishaji kama PCGS, ambayo ina ofisi Paris, na NGC hukagua na kuifungia sarafu kwenye kasha lenye namba. Kasha nalo hughushiwa, kwa hiyo tafuta namba hiyo kwenye tovuti ya kampuni na ulinganishe picha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Kabla ya kulipa, kumbuka kuwa faranga 5 ina gramu 22.5 za fedha safi ndani yake na écu ya karne ya 18 ina takriban gramu 27. Anayeziuza chini ya bei ya fedha hiyo aeleze kwa nini hakuzipeleka kwa sonara. Kwenye risiti iandikwe aina, mwaka, herufi, uzito hadi gramu 0.01 na muda ambao muuzaji anakubali kuipokea tena ikithibitika si halisi, na picha ya ukingo ibaki kwenye simu yako kwa tarehe hiyohiyo ya risiti.